Presi ya bega imegoma kilo 40: sahani za robo na nusu kilo zinasaidia kweli?

Kibano

Wakuu, habari za leo. Naomba majibu ya kitaalamu, si ya kutiana moyo.

Ratiba ni siku tatu kwa wiki, siku A na siku B zikipokezana. A ni skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani) na benchi presi (kusukuma chuma ukiwa umelala chali). B ni dedilifti (kuinua chuma kutoka sakafuni) na presi ya bega ya kusimama (kusukuma chuma juu ya kichwa). Zote ni seti 3 za marudio 5, isipokuwa dedilifti ambayo ni seti moja. Uzito wa sasa, baa ya kilo 20 ikiwemo: skwati 85, dedilifti 105, benchi 57.5, presi 40.

Skwati na dedilifti zinapanda. Benchi inapanda kwa kusuasua. Presi ndiyo imegoma: kilo 40 inatoka 5, 5, 5, kilo 42.5 inatoka 4, 3, 2. Nikishuka inakamilika, nikipanda ni yaleyale, na hii ni wiki ya tano. Sahani (vyuma vya duara vya kuongeza uzito kwenye baa) ndogo kuliko zote jimu ni ya 1.25, kwa hiyo hatua fupi iliyopo ni kilo 2.5. Kati ya seti napumzika dakika mbili.

Sahani za chini ya 1.25 ni kitu au ni mapambo? Kama ni kitu, niongeze kiasi gani na kila baada ya siku ngapi? Na asiye nazo afanyeje?

HesabuKwanza

Mkuu, namba umezitoa zote, kwa hiyo jibu limo humohumo.

Kilo 2.5 juu ya dedilifti ya 105 ni asilimia 2.4. Juu ya presi ya 40 ni asilimia 6.25. Sahani ni zilezile lakini kwa bega ongezeko ni zaidi ya mara mbili na nusu. Ni sawa na kuitoa dedilifti yako 105 na kuipeleka 111.5 kwa siku moja. Ingegoma, na hakuna ambaye angeshangaa.

Kuna kanuni ya Epley ya kukadiria uzito wa juu kabisa kwa rudio moja: uzito × (1 + marudio ÷ 30). Kilo 40 kwa marudio 5 inatoa 46.7. Sasa igeuze. Mtu wa 46.7 akiwekewa 42.5 anatarajiwa marudio 2.9, sema matatu. Wewe umetoa 4, 3, 2. Umefanya kile ambacho karatasi inasema utafanya, tena seti ya kwanza umeizidi. Akiwekewa 41 anatarajiwa 4.2, na akiwekewa 40.5 anatarajiwa 4.6. Pengo la kutoka 4.6 hadi 5 mwili unaliziba ndani ya siku chache za mapumziko. Pengo la kutoka 2.9 hadi 5 hauwezi kuliziba kwa siku mbili wala tano, na ukirudi 40 kila mara unaukosesha mwili sababu ya kuliziba.

Kwa hiyo hizo sahani ni kitu. Kipimo ninachotumia: hatua iwe kati ya asilimia 1 na 2.5 ya uzito uliopo. Presi yako inataka nusu kilo, benchi kilo moja. Skwati na dedilifti ziache na 2.5 zake mpaka zikatae zenyewe. Kuna watu wakishapata sahani ndogo wanazibandika kila mahali, na huko ni kujichelewesha: skwati kutoka 85 hadi 100 kwa hatua za 2.5 ni mazoezi 6, kwa hatua za nusu kilo ni mazoezi 30. Mwili uliokuwa tayari kupanda unauambia usubiri.

Kuhusu lini: kwa A na B zinavyopokezana, presi unaipata mara tatu kila wiki mbili. Nusu kilo kila mara ni kilo 1.5 kwa wiki mbili. Wiki tano zilizopita umesogea sifuri.

FundiWasha

Hesabu imekaa vizuri. Mimi nijibu la kuzipata.

Za kununua zipo za gramu 250, 500, 750 na kilo 1, chuma tupu au zilizovikwa mpira. Lakini hiki ni kipande cha chuma chenye tundu, na fundi yeyote mwenye mashine ya kukereza anakutengenezea. Vipimo vya baa kubwa, ile ambayo ncha zake zina unene wa milimita 50: bamba la chuma la mm 6, kipenyo cha nje mm 98, tundu mm 52. Inatoka kama gramu 255. Mwambie akate hivyo kisha apunguze pembeni kidogo kidogo huku mnapima kwa mizani ya jikoni mpaka 250. Kwa nusu kilo vipimo ni vilevile, bamba liwe mm 12, inatoka kama gramu 510. Anza na uzito uliozidi kila mara, kwa sababu kuongeza chuma ni kazi ya kuchomelea na kupunguza ni kazi ya msasa.

Makosa ninayoyaona. La kwanza, tundu la mm 50 kamili. Haliingii, au linaingia likiwa limekwama na kutoka ni kwa nyundo. La pili, kupima kabla ya rangi. Rangi ina gramu zake, ndogo, ila kwenye sahani ya 250 zinaonekana. La tatu ni kusahau kwamba sahani huingia mbili. Ukitaka kuongeza nusu kilo unahitaji mbili za 250, moja kila upande. Mtu anatengeneza za nusu kilo pekee, anafunga zote mbili, kisha analalamika kwamba "nusu kilo" imemshinda, kumbe amepandisha kilo nzima.

Idadi: jozi moja ya 250 na jozi mbili za 500. Sahani sita basi. Kwa upande mmoja unapata 0.25, 0.5, 0.75, 1.0 na 1.25, yaani kila nusu kilo iliyomo kati ya sahani mbili za kawaida.

Asiye na fundi atafute washa kubwa. Washa ya boliti ya M52 tundu lake linazidi mm 50, inapita kwenye ncha ya baa. Usiamini uzito ulioandikwa popote, pima kila moja, kisha zipange kwa jozi zinazokaribiana. Jozi kulingana ndiyo muhimu. Kama zote mbili ni gramu 330, hatua yako ni gramu 660 na maisha yanaendelea. Ziandike kwa kalamu ya rangi uzito wake halisi, si uzito uliotamani.

Kwenye baa zinakaa nje kabisa, baada ya sahani kubwa na kabla ya kibano kinachozuia sahani zisitoke. Sahani nyembamba isiyobanwa inacheza na kupiga kelele kila rudio, na ukishusha chuma kwa kishindo inaruka.

Mnyororo uliokatwa kwa uzito nao unafaa benchi. Kwa presi ya kusimama unayumba, sikushauri.

MizaniSawa

Kabla hamjamaliza chuma chote kwa fundi, kuna swali hakuna aliyeuliza. Sahani kubwa za hiyo jimu zina kilo ngapi?

Namaanisha kilo halisi. Sahani za chuma cha kumimina zisizo za mashindano hupishana. Sahani ya 20 ikikosea kwa asilimia 2 tu, hizo ni gramu 400. Leo umeokota iliyopungua, keshokutwa umeokota iliyozidi, na katikati umeweka kwa uangalifu vijisahani vyako vya gramu 250. Unachopima hapo ni bahati ya kuokota.

Mashindanoni wanalijua hilo. Kanuni za IWF, shirikisho la kimataifa la unyanyuaji vyuma, zinataka sahani inayozidi kilo 5 isizidi uzito wake kwa zaidi ya asilimia 0.1 wala isipungue kwa zaidi ya asilimia 0.05. Kwa sahani ya 25 hiyo ni gramu 25 juu na gramu 12.5 chini. Na bila usahihi huo isingekuwa na maana walipobadilisha kanuni mwaka 2005, uzito ukaanza kupanda kwa kilo moja moja badala ya mafungu ya kilo 2.5. Huko juu kabisa, kwa watu wanaobeba zaidi ya mara mbili ya uzito wao, kilo moja inaamua medali. Anayeita hizi sahani mapambo aanze kubishana na hao.

Huhitaji sahani za mashindano. Unachohitaji ni sahani zilezile kila mara. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi, pima sahani za 10, 5, 2.5 na 1.25 za jimu yako, chagua jozi zilizo karibu, zitie alama ndogo ya rangi kwenye ukingo wa ndani. Baa nayo: si kila baa ndefu ni kilo 20. Ya 15 ipo, imepungua kidogo unene na urefu, na mtu asiyejua anaichukua akidhani leo ana nguvu. Vibano pia. Vya springi ni vyepesi, vya kukaza kwa skrubu vinaweza kuwa vizito kuliko hizo sahani mnazozitengeneza, na vya mashindano ni kilo 2.5 kila kimoja. Tumia aina moja, basi.

Ukishaisawazisha mizani, kosa lililobaki ni lilelile kila siku. Kama "40" yako kwa kweli ni 39.3, haidhuru kitu, maadamu "40.5" ni 39.8.

Sita_kwa_Nane

Jamani, mnamtuma mtu kwa fundi wakati dawa anayo mkononi. Aongeze marudio.

Kilo 40, seti 3. Siku ya kwanza 5, 5, 5. Siku inayofuata 6, 5, 5. Kisha 6, 6, 5. Kisha 6, 6, 6. Endelea hivyo hadi 8, 8, 8, ndipo uende 42.5 na uanze tena na 5. Kwa kanuni yenu hiyohiyo ya Epley, 40 kwa marudio 8 ni sawa na uzito wa juu wa 50.7, na mtu huyo kwenye 42.5 anatarajiwa marudio 5.8. Anaingia na akiba. Wala si nadharia tu: utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha kwa wiki 8 watu waliokuwa wanaongeza uzito na waliokuwa wanaongeza marudio kwenye mazoezi ya miguu, na makundi yote mawili yaliongezeka nguvu na misuli kwa viwango vinavyokaribiana.

Kwa dambeli ndiyo njia inayobeba kazi kubwa, maana huko ngazi ni ndefu vibaya. Kutoka dambeli ya 10 hadi ya 12 ni asilimia 20. Ili upate marudio 8 kwenye 12, hesabu inataka ufikie 15 au 16 kwenye 10. Watu wanaruka wakiwa na marudio 10, wanapata 4 yaliyopinda, wanasema dambeli hazifai.

Lakini kwa wanawake nakubaliana na sahani ndogo moja kwa moja. Dada anayepresi kilo 20, akiongeza 2.5 ni asilimia 12.5. Hapo nusu kilo si anasa. Na jimu ikiwa na baa ya 15, aanze na hiyo, asilazimishwe baa ya 20 ambayo peke yake ndiyo uzito wake wa kazi wote.

HesabuKwanza

Dada Sita, kwa dambeli nakupa zote. Tahadhari moja: kanuni ya Epley inaanza kupotoka marudio yakizidi 10 hivi, kwa hiyo hiyo 15 au 16 ichukuliwe kama dira. Wengine watahitaji 14, wengine 18.

Kwa presi nina pingamizi dogo. Rudio moja lililoongezwa lina thamani ya karibu asilimia 3 ya uzito. Kwenye 40 hiyo ni kama kilo 1.1 hadi 1.2. Kwa hiyo hata kuongeza rudio kwenye seti zote tatu ni hatua ndefu kuliko nusu kilo. Ndiyo maana njia yako inaongeza seti moja moja, 6, 5, 5, na ni sahihi. Ila anayetaka kubaki kwenye marudio 5, kwa kuwa lengo lake ni kuzoea uzito, sahani ndogo inampa hatua fupi bila kubadilisha kitu kingine chochote.

Sita_kwa_Nane

Sawa, ila hapo umekubali kwamba asiye na sahani ana njia. Aliuliza hilo pia.

HesabuKwanza

Nimekubali 😀

KochaTaratibu

Mmezunguka vizuri lakini mmeruka kitu kilicho kwenye swali lenyewe: dakika mbili.

Tazama tena 4, 3, 2. Seti zimeporomoka kwa ngazi, rudio moja kila seti. Kwa zoezi la kusimama lenye uzito karibu na kikomo, dakika mbili hazirudishi nguvu. Weka dakika 3 kati ya seti zikiwa zinatoka vizuri, 4 hadi 5 ikiwa seti iliyopita ilikuwa ya kukamua. Kuna uwezekano mkubwa kwamba kwa mabadiliko hayo tu 42.5 ingetoka 4, 4, 3. Bado isingekuwa 5, 5, 5, hesabu ya mwenzangu inabaki palepale, lakini usipoisahihisha saa, sahani ndogo nazo zitagoma mapema na utazilaumu bure.

Pili, kupasha moto. Ukiingia kwenye 40 ukitoka kwenye baa tupu, seti ya kwanza inageuka ya kupasha moto. Fanya baa tupu marudio 8, kilo 30 marudio 5, 35 marudio 3, 38 rudio 1, kisha kazi. Ukizidisha hapa pia ni kosa: mtu anafanya 35 marudio 8 anafika kwenye kazi kachoka.

Tatu, na hili ndilo baya zaidi kwa anayepanda kidogo kidogo. Hatua ndefu ikikushinda inakushinda mchana kweupe, chuma kinasimama mbele ya uso. Nusu kilo haikushindi hivyo. Inakuibia. Wiki hii umeegemea nyuma nyuzi mbili, wiki ijayo nne, magoti yamepiga teke dogo rudio la tano, chuma kimeanza kugeuzwa kidevuni badala ya kushuka hadi kwenye mtulinga. Daftari linasema 44, lakini ile presi iliyoanza na 40 haipo tena. Unachofanya sasa ni nusu benchi ya mlalo na nusu kuruka, na kiuno ndicho kinacholipa.

Dawa yake ni video. Simu iwe ubavuni, kimo cha nyonga, mahali palepale kila mara. Rekodi seti ya mwisho, si ya kwanza. Kila wiki ya tatu weka video ya leo na ya kwanza pamoja, uzitazame bila sauti. Angalia vitu vitatu tu: chuma kinaanzia wapi, magoti yamekunjuka muda wote au la, na juu kabisa viwiko vimefungwa huku chuma kikiwa juu ya katikati ya wayo. Rudio lisilotimiza hayo halihesabiwi. Ukianza kujisamehe hapo, gramu 250 zote za dunia hazitakusaidia.

Sasa ya kugoma, kwa sababu itagoma. Ukikosa rudio moja au mawili kwenye jumla ya 15, rudia uzito uleule siku inayofuata ya presi. Ukikosa tena, rudia mara moja zaidi ikiwa kuna sababu inayoonekana, kama usingizi au ugonjwa. Bila sababu, shusha asilimia 10, kisha panda kwa kilo moja moja hadi ukaribie ulipogomea, halafu rudi kwenye nusu kilo. Ukigoma mahali palepale mara mbili baada ya kushusha hivyo, hatua ya kila zoezi imefika mwisho wake. Hamia kwenye mpango wa wiki: siku moja nzito, siku moja nyepesi ya asilimia 80 hadi 85, na nusu kilo inaongezwa kwa siku nzito tu, mara moja kwa wiki.

Na usianzie 40.5. Umekaa ukutani wiki tano. Rudi 38, nenda 39, nenda 40, mazoezi matatu mepesi ya kusafisha umbo na kuzoea mapumziko marefu, kisha ndiyo nusu kilo.

FundiWasha

Hilo la kurudi nyuma naliunga mkono, chuma kinachosukumwa kikiwa kimesimama huhitaji nafasi ya kukimbilia.

Nimesahau sumaku. Kwa dambeli za chuma tupu, sumaku bapa yenye mfuniko inashika vizuri. Weka mbili za gramu 250, moja kila kichwa cha dambeli. Ukiweka moja ya nusu kilo upande mmoja kifundo cha mkono kinapinda. Dambeli zilizovikwa mpira zisahau. Sumaku inapoteza nguvu haraka sana ikitenganishwa na chuma hata kwa milimita chache, na ya juu ya kichwa ikidondoka inajua pa kuangukia. Hapo tumia mikanda ya uzito ya kufunga kwenye kifundo cha mkono, nusu kilo kila mkono. Sumaku ziwe mbali na simu, kadi za benki, na mtu mwenye kifaa cha moyo.

Kibano

Wakuu, nashukuru sana, mmenipa zaidi ya nilichoomba. Maswali mawili ya kumalizia. Mashine ya kebo ya kuvutia mgongo inaruka kilo 5 kwa 5, nusu kilo inaongezwaje? Na kujivuta kwenye baa kwa mkanda wa uzito, hesabu ni ileile?

Na huu ndio mpango wa presi, sahani za kila upande, niambieni kama upo sawa:

38: 5 + 2.5 + 1.25 + 0.25
39: 5 + 2.5 + 1.25 + 0.5 + 0.25
40: 10
40.5: 10 + 0.25
41: 10 + 0.5
41.5: 10 + 0.5 + 0.5

HesabuKwanza

Kebo: angalia kwanza kapi. Ikiwa kebo inapita kwenye kapi linalotembea pamoja na rundo la vyuma, mkononi unapokea nusu ya uzito. Kilo 1 iliyowekwa juu ya rundo ni nusu kilo mkononi. Sumaku ya aina aliyotaja FundiWasha inakaa juu ya chuma cha kwanza cha rundo, mradi isiguse nguzo za kuongozea. Usitundike kitu kwenye pini yenyewe, inaweza kunasa njiani na kuachia ghafla. Kama kapi ni la juu tu, lisilotembea, kilo ni kilo.

Kujivuta: uzito wako umo kwenye hesabu. Mwenye kilo 70 aliyefunga mkanda wa 5 anavuta 75, kwa hiyo hata 1.25 kwake ni asilimia 1.7, hatua nzuri tayari. Ugumu ni kwamba mwili hupanda na kushuka kilo nzima kwa siku moja kwa maji na chakula tu. Nusu kilo ya mkanda inapotelea humo. Jipime kabla ya zoezi, uandike jumla, siyo mkanda peke yake.

FundiWasha

Mkuu, mstari wa mwisho umekosea. 10 + 0.5 + 0.5 ni 11 kila upande, na baa 20, hiyo ni 42. Ya 41.5 ni 10 + 0.5 + 0.25.

MizaniSawa

Na mstari wa 40 una mtego. Kutoka 38 hadi 39 umeongeza nusu kilo kila upande juu ya sahani zilezile, safi. Kutoka 39 hadi 40 umetoa rundo zima na kuingiza sahani ya 10 ambayo haijawahi kuwemo. Hizo 5, 2.5 na 1.25 zina makosa yao, ya 10 ina lake. Hatua uliyoandika kilo 1 inaweza kuwa nusu kilo au kilo moja na nusu, na ni siku hiyohiyo unayorudi kwenye uzito uliokugomesha.

Weka kwenye mizani rundo la upande mmoja, 5 + 2.5 + 1.25 pamoja na vijisahani vyote vitatu vya upande huo. Hiyo nayo ni 10 kamili kwa maandishi. Kisha pima sahani ya 10 peke yake. Zikipishana chini ya gramu 100, badilisha bila wasiwasi. Zikizidi hapo, siku ya 40 tumia rundo, na siku ya 40.5 toa kijisahani cha 0.25 uweke kingine cha 0.5. Mwambie fundi akate jozi tatu za 500 badala ya mbili.

Kibano

Nimeelewa. Jozi tatu za 500, moja ya 250, na mizani ya kuning'iniza. 41.5 nimeirekebisha.